Kiti cha Mama Geuka Hakitazungushiwa Kamba

Dada, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipobandika maji ya chai, ukakaa kidogo kupumzika, na hukuinuka tena. Maji yalichemka mpaka yakakauka. Harufu ya sufuria ndiyo iliyotuita. Tumelia vya kutosha. Leo hatuandiki ili tulie tena. Tunaandika kwa sababu wapo waliodhani kwamba ukishafukiwa wewe, na maneno yako yamefukiwa.

Siku ya mazishi walipanga foleni kwenye kipaza sauti. Nguzo ya sanaa, wakasema. Hazina yetu. Tukanyamaza, maana msibani si mahali pa ugomvi. Lakini kunyamaza si kusahau. Vinywa vilevile ndivyo vilivyokupachika jina la Mama Geuka, vikikucheka. Wewe ulipolisikia ulisema tu, "Afadhali hilo, linaeleza kazi yangu," ukaendelea kuosha brashi.

Asiyekujua hakuthamini, basi wasiojua wajue. Chumba chako kilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, kikinuka tapentaini mpaka kwenye ngazi. Hukufundisha wanaoanza. Waliokujia walikuwa watu wa kazi, wachoraji, wachongaji, wapiga picha, wenye majina yao mjini, waliokwama mahali na hawana wa kumwambia. Uliwapokea mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hata mama aliyekuzaa hakuruhusiwa kuingia mgeni akiwapo. Mgeni aliweka kazi yake juu ya stuli. Wewe ulikaa kwenye kiti chako cha mbao, kile chenye mto uliochakaa, ukainama mbele kidogo, ukaangalia, ukaangalia, mpaka chai yako ikafunga utando. Ndipo ukasema, "Geuka."

Mgeni anaipa kazi yake mgongo. Akiwa hivyo anakueleza kuna nini ndani yake. Alichokisahau, ulimwambia akifute. Alichokitaja na hakimo, ulimwambia akakichore. Hiyo ndiyo shule yako nzima.

Yule mchora mabango wa stendi hachoki kutusimulia siku yake ya kwanza.

"Kuna mama," alikuambia, mgongo kwa picha. "Kuna ndoo. Kuna mlango uko wazi. Na mama amechoka."

"Na farasi?"

"Farasi gani tena, mama?"

"Huyo mwekundu nyuma ya mlango. Mkubwa kuliko mlango wenyewe."

"Aa, huyo! Huyo nilimweka kujaza nafasi."

"Basi mfungulie aende zake, ana njaa. Na huyo mama sijamwona amechoka."

"Amechoka, mama! Si ni mama yangu mzazi?"

"Moyoni mwako amechoka. Hapa kwenye kitambaa anasubiri kupigwa picha."

Anasema alishuka ngazi anakutukana. Kesho yake alipanda tena, na farasi hayupo. Hukumsifu. Ulimfungia mkate kwenye gazeti, ukamrudishia brashi yake iliyokuwa imekatika mpini, umeifunga uzi. Kusifu hukujua, dada. Ulijua kufunga uzi. Miwani yako yenyewe ilishikwa na uzi mweusi kwenye sikio la kushoto, na kila tulipotaka kukununulia mpya ulijibu, "Hii imeshanizoea."

Nyumbani nako hukutuacha salama. Shemeji yako hajasahau siku ulipomgeuza mezani. "Shemeji, mkeo amevaa nini?" Maskini akatoa macho ukutani. "Amevaa... nguo." Tulicheka mpaka mama akamwaga chai. Tangu siku hiyo mwanamume yule haondoki nyumbani kabla hajamtazama mkewe juu mpaka chini. Wewe ndiye uliyemfungua macho, na hukumwonyesha picha hata moja.

Sasa tuje kwenye yale ambayo wengine wangependa tuyaache.

Meneja wa ukumbi wa maonyesho alikuita ungali hai. Alitaka ukae jukwaani, wachoraji wapite mbele yako na kazi zao mbichi, watazamaji wakipiga makofi. Mtu mmoja mmoja, alisema, ni kupoteza wakati. Ulimjibu mbele ya watu wake: "Kazi ambayo haijaisha ni mtu aliye bafuni. Anabisha mmoja, tena kwa adabu." Ukatoka. Kuanzia hapo kuta za ukumbi ule hazikuona tena picha yako. Zile zilizokuwapo zilirudishwa kwa mkokoteni, mvua inanyesha, hazijafunikwa. Tunamkumbuka aliyezituma. Ungali hai u mkaidi, ukifa u hazina!

Maana ulipokufa alikuja, dada. Alipanda ngazi zako na utepe wa kupimia. Chumba kiwe cha makumbusho, akasema. Kiti kizungushiwe kamba nyekundu, asikikalie mtu. Mlangoni kibao cha shaba chenye jina lako. Wachoraji watajengewa nafasi yao ukumbini, wakosolewe kwa makundi. Kilichobaki ni ridhaa ya familia.

Hatutaficha. Nyumba iligawanyika. Mdogo wako anayeandika haya alipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Mama hakupiga kelele. Mama alikitaka kibao kile. "Mwanangu alidharauliwa maisha yake yote," alisema. "Acheni jina lake liandikwe mahali watu wakalisome." Nani angembishia? Tukasema neno la mwisho ni lake.

Siku ya kujibu, meneja alikuja na sura yako. Alikuwa amemwagiza mchora mabango akuchore, picha kubwa ya kuzinduliwa Jumamosi. Wakaisimamisha, yeye na mchora mabango, juu ya stuli yako. Mama alipanda taratibu, magoti yanamuuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumbani humo kukiwa na mgeni. Akatafuta pa kukaa. Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu. Akakikalia kiti chako.

"Bibi, hicho tutakifunga kamba," meneja akasema.

"Kifunge nikishaondoka."

Akaiangalia picha. Akainama mbele kidogo. Hatukujua kama wewe ulimwiga yeye au yeye amekuiga wewe. Aliangalia mpaka meneja akaanza kukohoa. Kisha akamwambia mchora mabango, kwa upole kabisa:

"Geuka, mwanangu."

Yule bwana akageuka, akatazama mlango.

"Kuna nini hapo nyuma yako?"

"Kuna mama," akaanza. "Ameinama mbele, kama anasikiliza. Miwani imefungwa uzi. Hacheki. Ana chai na haijanywewa. Ananiangalia kama..." Alikuwa ameshajisikia mwenyewe.

Maana pichani, dada, ulikuwa umesimama wima, miwani mipya, meno nje, unawapungia mkono watu wasiojulikana.

Mchora mabango akageuka polepole. Akaishusha picha, akaibana chini ya kwapa.

"Bibi, sijamaliza."

"Najua."

"Uzinduzi ni Jumamosi!" meneja akamaka. "Wageni wameshaalikwa!"

Mama akajiinua kwa kushika mgongo wa kiti. "Basi zindueni ukuta," akasema.

Alivyoshuka ngazi alikuwa analia, ila si kile kilio cha mwanzo. "Nilitaka wamsome jina," alituambia. "Kumbe wangelisoma wakapita. Acha waje wageuke."

Hivyo kibao hakipo, na kamba hakuna. Kiti kimekaliwa mwaka mzima. Wale uliowageuza sasa wanageuzana wenyewe, mmoja kitini, mmoja kando ya stuli, mlango umefungwa. Binti yako anachemsha chai na kuiacha ipoe, na yeyote anayekuja na umati anaachwa ngazini. Meneja akitaka naye aje. Alete kazi moja, abishe hodi.

Mchora mabango angali anakuchora. Ameshafuta mara nyingi. Hatumharakishi, na ndiyo sababu juu ya tangazo hili pana nafasi tupu ambapo wengine huweka picha. Wewe uliyemjua, lipe gazeti hili mgongo, umwambie aliye karibu nawe unamkumbukaje. Usichokisahau hicho ndicho yeye.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, binti yako, mdogo wako na shemeji yako, wapwa zako, fundi cherehani wa chini, na wote uliowahi kuwaambia neno lako lile moja. Hatukusahau, dada, na yeyote atakayejaribu kutusahaulisha atatukuta tumekaa kitini.