Kura za Mfaransa

Jumatatu, 9 Machi
Nimedeki bweni, nimekunywa uji, nimerudi kwa Mfaransa wangu. Kitabu cha maktaba, maisha ya kiongozi mmoja wa Ufaransa ya zamani, jalada limechanika. Kiingereza chake kigumu ila naelewa. Alikuwa mwalimu wa historia tu. Akawa waziri wa elimu, akaagiza kila kijiji kiwe na shule. (Za wavulana, lakini.) Baadaye akaongoza serikali. Na vitabu akaandika. Nampenda huyu mzee.
Madamu wa Historia kaniandikisha nigombee ukiranja wa taaluma. Hakuniuliza.

Jumatano, 11 Machi
Ijumaa tunajieleza paredi, kwa Kiingereza, halafu kura. Nautaka ukiranja huu. Sijamwambia mtu.
Edgar, mpinzani wangu, kwenye foleni ya maharage: "We mkimbizi, ukishinda utatuongoza turudi Burundi?" Wakacheka. Nimezaliwa Mishamo, hapa hapa Tanzania. Cheti cha uraia cha baba kiko kwenye fremu, sebuleni. Nimechukua maharage yangu, nikaondoka.

Alhamisi, 12 Machi
Nimerudi kwenye sura ya utoto wake, niliyokuwa nimeiruka. Baba yake aliuawa, mama akakimbia naye nchi jirani. Uzeeni, watu walidai haki ya kura, akawakatalia. Alikosea, nakubali. Wakamwangusha, akakimbia tena.
Mara mbili. Ukurasa huo nimeurudia mpaka kengele ya prepo ya usiku.

Ijumaa, 13 Machi
Nimefanya ujinga. Dakika zangu zote nimemzungumzia Mfaransa. Shule zake, vitabu vyake. Mwisho Kiingereza kikaniishia, nikasema kwa Kiswahili: "Na yeye alikuwa mkimbizi." Nikashuka. Jina langu sikulitaja hata mara moja.
Kura zetu ni vikaratasi vya daftari, unaandika jina la unayemtaka. Madamu akavisoma mbele ya wote. "Mfaransa. Mfaransa. Nyie, Mfaransa ndiyo nani?"
Rundo hilo lilizidi la Edgar. Lakini mgombea wa jina hilo hayupo. Zimeharibika zote. Edgar kashinda. Nimelia chooni.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya misa Edgar kaja na ratiba ya prepo. Imemshinda. "Mfaransa, nisaidie basi." Nimempangia.
Wote wananiita hivyo sasa. Lile la "mkimbizi" sijalisikia tangu Ijumaa.
Kitabu kimebaki sura moja. Cheo hana tena. Karudi kwao, yuko mezani, anaandika. Naisoma polepole.