Kilima Kisicho na Mtu Ndani

Nyumbani kwa Bwana Torstein,
Vestfold, Norway.
Jumapili, 8 Septemba 1996.

Shemeji Karimi,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali, mahali ambapo jua linatua polepole hata mtu anachoka kulingoja. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mwanao Mukiri, na Mama pia, na kwamba goti lake limepoa tangu baridi ya Julai ipite. Mahindi ya shamba la chini mmeshavuna? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi mwili wangu ni mzima kabisa. Kichwa ndicho sikielewi, na hiyo ndiyo sababu barua hii imekuwa ndefu. Naandika Kiswahili kwa kuwa wewe ni wa Embu na mimi ni wa Kanyakine, na Kimeru changu, ingawa mdomoni hakinishindi, kwenye karatasi mkono hukataa. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na kwanza uisome peke yako.

Mwaliko wa Bwana Torstein ulipokuja mwaka jana, nakumbuka sote tulivyoishika ile barua na kuigeuza upande huu na huu. Yule mwalimu mstaafu, ambaye mimi na kaka yangu Runji tulimpandisha mlimani Machi 1991, safari ambayo mumeo Runji hakurudi, anataka nini nasi baada ya miaka yote hii? Mama alisema labda bado anadai begi lake lililopotea. Wewe ulisema mtu hakutumii tiketi ya ndege ili akudai. Mimi nilisema sijui, na kweli sikujua.

Mzee Torstein anaishi peke yake katika nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu. Ananipikia viazi kila siku, na asubuhi tunakula mkate na jibini ya kahawia iliyo tamu kama sukari nguru. Siku ya pili aliniambia kwamba tutatembea kwa miguu siku nne kwenda kuona makaburi. Nilidhani Kiingereza kimenipotea. Nikamuuliza ni nani amefariki. Akasema hakuna, ni makaburi ya Waviking, mabaharia na wapiganaji wa kale wa nchi hii, waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Shemeji, kwetu mtu huenda kaburini kwa sababu amelazimika, akarudi nyumbani haraka. Hawa wanabeba chakula na hema wakaenda kwa hiari yao, na watoto wao wanacheza juu ya makaburi. Kisha akasema kwamba kabla ya safari sharti nipate begi langu mwenyewe la mgongoni.

Duka tuliloingia ni kubwa kuliko kanisa letu, na kuta zake zote ni mabegi. Msichana wa duka alinipima mgongo kwa utepe, kutoka mfupa wa shingo hadi nyonga, kama fundi anayenishonea suti ya arusi. Akatia vifuko vya mchanga ndani ya begi, kilo kumi na mbili, akanivisha, akakaza mkanda kiunoni, akaniambia nipande na kushuka ngazi iliyokuwa hapo dukani. Akanifundisha kwamba mzigo unafaa ukae juu ya nyonga, si mabegani. Karimi, nimebeba mizigo ya watu kwenye mlima ule miaka tisa, magunia yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mama paji lake la uso lina bonde la ukanda wa kubebea kuni na maji. Hakuna aliyewahi kutuambia habari za nyonga. Sikujua nicheke au nikasirike.

Halafu akaniuliza nitabeba nini. Nikamjibu kwamba nitabeba chochote Mzee Torstein atakachonipa. Wakacheka wote wawili, kwa wema, na akafafanua: vitu vyangu mimi. Nikaanza kuvihesabu kwa vidole. Sweta, taulo, mswaki, Biblia. Vyote vingeingia kwenye mfuko wa unga. Hata hivyo macho yangu yalikuwa yakichagua mabegi makubwa tu, kwa mazoea ya kutafuta nafasi ya mali ya wengine. Nilijaribu mabegi sita. Lililonikaa vizuri kuliko yote lilikuwa la buluu, na unajua mwenyewe lile lililopotea pamoja na Runji lilikuwa la rangi gani. Sikuweza kulivaa mara ya pili. Nikachukua la kijivu, ingawa lilinibana kidogo begani. Mzee Torstein aliona nilivyolisukuma lile la buluu, akageuza uso akatazama dirishani. Nilidhani amechoka.

Tukaondoka. Nchi yenyewe ni tambarare, mashamba ya ngano iliyokwisha kukatwa, halafu msitu, halafu bahari ya kijivu isiyo na mawimbi. Mlimani mimi hutangulia na mzungu hufuata. Huku yeye alitangulia nami nikafuata, na kila tulipofika penye uzio alinifungulia lango. Kila mara nilitaka kumpokonya begi lake. Mara moja nililishika kweli, akaniambia taratibu kwamba kila mtu amebeba lake.

Siku ya kwanza tulifika mahali penye vilima vikubwa vya mviringo, vimeota nyasi na miti, kama vichuguu vya mchwa vilivyo vikubwa kuliko nyumba. Alinieleza kwamba tajiri alipokufa wenzake walimlaza ndani ya jahazi zima, wakamwekea farasi, mbwa, ndoo, kitanda na chakula cha njiani, kisha wakafukia kila kitu kwa udongo. Baadaye sana watu wengine wakaja na makoleo, wakalichimbua jahazi, wakalipeleka mjini likatazamwe. Nilimuuliza kama wajukuu wa marehemu waliombwa ruhusa. Alikuna kichwa, akasema hakuna ajuaye wajukuu ni akina nani. Labda ni yeye mwenyewe.

Akaniuliza nami kaburi la babu ya babu yangu liko wapi. Ikabidi nimweleze kwamba zamani wafu wetu wengi walipelekwa kichakani wakaachwa huko, ni wazee wachache tu waliozikwa, na wala hakuna mtoto aliyeonyeshwa mahali. Alikaza mikanda ya begi lake akaendelea kutembea. Sikuweza kutambua kama alikuwa ananihurumia au anatamani mambo yangekuwa hivyo kwao. Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa, kwa maana niliyaona makaburi yale ni kitu cha kiburi, na papo hapo nikawaonea wivu wenye nayo. Nilimfikiria Mama, ambaye miaka mitano na nusu hana mahali pa kupanda hata ua moja.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, tulifika kwenye kilima kimoja kilicho peke yake kando ya bahari. Mzee Torstein alivua begi, akakaa chini. Akaniambia kwamba hiki kilichimbwa zamani na hakikukutwa mtu ndani, hata mfupa. Wapo wasemao udongo ulimla marehemu akaisha. Wengine husema kilijengwa kwa ajili ya mtu aliyefia mbali asionekane tena, ili watu wake wapate pa kusimama. Yeye hana hakika, lakini amekuwa akija hapa kila mwaka tangu 1991. Hapo nikajua kwamba hatukuja kuona Waviking.

Alianza kuzungumza huku akitazama maji. Alinikumbusha ile siku ya kushuka, mvua ilivyotukuta, na jinsi tulivyofika kwenye vibanda vya karibu na lango la mbuga saa tisa alasiri tukiwa tumelowa. Tulikuwa watatu tu, yeye, Runji na mimi. Akatafuta begi lake dogo la buluu, asilione. Lilikuwa limesahauliwa juu kule, kwenye mwamba tulikonywea chai, juu ya korongo. Ndani mlikuwa na kamera na pasi yake ya kusafiria, na ndege yake ilikuwa keshokutwa. Alisema kwamba alikasirika, akapaza sauti, na Runji akarudi juu katika ukungu ule kwa sababu yake yeye. Pasi nyingine, alisema, alipewa na ubalozi baada ya siku mbili. Siku mbili tu! Alilirudia neno hilo mara nyingi.

Na kuna la pili. Alipokuwa anaondoka alipewa fomu ajaze pale langoni, akaandika kwamba begi limepotea na mpagazi naye hajaonekana. Hakuandika kwamba yeye ndiye aliyemtuma. Ni mwaka juzi tu alipokutana na mtu aliyetoka kupanda mlima wetu, akamsimulia habari za mpagazi mwizi aliyetoroka na begi la mzungu. Alisema siku hiyo aliugua. Akanishika mikono yote miwili, mzee mzima wa miaka sabini, akalia, akaniomba nimsamehe kwa niaba ya mama yangu, kwa niaba yako na ya mtoto.

Nikamwambia, "Tumekusamehe."

Alifuta uso, akakata mkate, tukala. Kutoka hapo alitembea mwepesi, mara akipiga mbinja, akinionyesha ndege. Mimi nilimfuata nyuma na begi lenye sweta na taulo, nikaliona zito kuliko magunia yote ya mlimani. Tulipofika nyumbani alikaa mezani akaandika barua kwa chifu na kwa mchungaji wetu, akatia sahihi. Imo ndani ya bahasha hii, uione. Inasema wazi kwamba Runji hakuiba kitu, kwamba alitumwa, na kwamba alikufa akifanya kazi ya watu kwa uaminifu. Inasema lawama zote ni za aliyeandika.

Sasa, Karimi, nisikilize.

Mzee Torstein anaamini kwamba Runji ndiye aliyelisahau begi. Si kweli. Begi lile lilikuwa mgongoni mwangu siku nzima. Mimi ndiye niliyelivua pale mwambani nipate kukaza kamba ya gunia, na mvua ilipoanza nikakimbia nikaliacha. Mzee alipouliza kwa ukali nani alikuwa nalo, nilimtazama kaka yangu. Unakumbuka mwezi uliotangulia nilikuwa nimepoteza hema la wageni, na mkubwa wetu wa kazi alikuwa ameapa kwamba nikikosea tena nisikanyage mlimani. Runji alilijua hilo. Alisema kwa Kiingereza, "Ni mimi, bwana. Nitalifuata." Halafu akanigeukia akaniambia kwa Kimeru, "Wewe washa moto. Nikirudi nikute chai."

Niliwasha moto. Sikusema neno. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, miguu yangu ilikuwa na nguvu kuliko yake, na nilikaa nikapuliza moto.

Tulipomtafuta siku tisa na askari wa mbuga tusimwone, mliniuliza kilichompeleka juu. Nilijibu kwamba alirudi peke yake na sijui alifuata nini. Kama ningesema alitumwa, mngeniuliza kwa nini yeye na si mimi. Kwa hiyo nilinyamaza, na watu wakajaza nafasi ile kwa maneno yao. Wakasema amefungua duka Moyale. Mukiri akaitwa mtoto wa mwizi shuleni, akarudi nyumbani akilia, nami nilikuwepo, nikampa peremende. Mchungaji akakataa kumfanyia ibada mtu ambaye labda yu hai. Baba yako Mzee Nthiga alitoka Embu mara mbili kuja kukuchukua, ukamwambia utamngoja mumeo, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nikinywa uji wako, nikijua kwamba huna wa kumngoja. Wewe si mke wala mjane kwa sababu yangu. Hilo ndilo nililokufanyia.

Nimeitazama ile barua ya Mzee Torstein siku tano sasa. Ingetosha. Ningeituma peke yake, jina la Runji lingesafishwa, na mtu wa kulaumiwa angekuwa mzee mmoja wa mbali ambaye hamtamwona tena na ambaye ameshasamehewa. Hata yeye angefurahi. Sijui ni kitu gani kilichonizuia. Si ujasiri, maana ninaogopa hata sasa, na yeye mwenyewe bado sijamwambia, ingawa nitamwambia kabla sijaondoka. Niliona tu kwamba wewe ndiye unayestahili kujua kwanza. Nimeziweka zote mbili katika bahasha moja kisha nikaifunga kwa gundi, nisije nikabadilisha nia.

Nitafika Nairobi Jumamosi tarehe 28, na Kanyakine Jumatatu. Nitapita kwako kabla ya kwenda kwangu. Nikikuta mlango umefungwa nitaelewa, nitakaa nje. Kuhusu Mama, nilitaka kukuomba usimsomee, ili asikie kwa kinywa changu, lakini nimekumbuka kwamba sina haki tena ya kukuomba ukae na siri. Fanya unavyoona. Na kama utaamua kurudi Embu kwa wazazi wako, hakuna mtu wa nyumba yetu atakayekuuliza neno. Nitasimama mbele ya wazee niseme ni kwa nini.

Wasalimie wote walio hapo. Msalimie Baba Nthiga akija, ingawa sijui kama salamu zangu atazipokea. Mama mwambie kwamba nala vizuri. Na Mukiri, tafadhali, mwite umkalishe karibu nawe, umwambie kwamba baba yake hakuiba. Mengine yote yanaweza kunisubiri. Hilo mwambie leo.

Ni mimi, ambaye sijui kama bado utaniita shemeji,

Muriuki.