Jina Lisilotajwa Singe

Maisaka, Babati
9 Septemba 2003

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wewe na Mama mkiwa wazima, na kwamba kikohozi sasa kinakuacha ulale. Sisi hatujambo. Careen anapiga chafya tu kwa vumbi, maana tangu tupewe mkoa, Babati nzima inajenga. Najua utashangaa mtu wa Maisaka kumwandikia mtu wa Singe, mwendo wa saa moja kwa miguu. Baba, haya maneno mdomo wangu umeshindwa kuyabeba miaka kumi na saba.

Nianze na safari. Jumamosi kwaya yetu ilipanda ile treni ya matembezi, iliyokodiwa na parokia nne, kutoka Dodoma hadi Manyoni na kurudi siku hiyo hiyo. Lukresia, mwalimu wetu wa kwaya, alituonya tusitoe vichwa dirishani. Nani alimsikia! Mimi na utu uzima wangu nilining'inia kuliko watoto. Stesheni ya Kigwe tulinunua mayai ya kuchemsha kwa akina mama waliokuja mbio na mabeseni kichwani, na treni ilipoanza kuondoka chenji zilikuwa bado zinarushwa madirishani.

Bahi tulisimama robo saa. Nilikuwa nachagua samaki wakavu nikasikia mtu anamkaripia punda kwa Kiiraqw chetu. Nikajiuliza, huku kwa Wagogo ni nani wa kumkaripia punda kwa Kiiraqw? Nikageuka. Alikuwa kaka Konstantini.

Baba, usiikunje barua, nakuomba. Najua jina hilo halitajwi nyumbani kwako tangu mwaka 1986.

Ana mvi sasa. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ana mke na watoto wawili, na mkubwa amempa jina lako, Egidius. Swali lake la kwanza lilikuwa nani anakukamulia ng'ombe siku hizi. Nikamsihi aje nyumbani. Akakataa, akanikumbusha ulichomwambia siku ile pale kwenye uzio: "Usikanyage uwanja huu mpaka nikuite mwenyewe, kwa mdomo wangu." Akasema neno la mzazi halirukwi. Treni ikapiga honi, nikapanda.

Kutoka Bahi hadi Manyoni sikuimba hata ubeti mmoja. Lukresia alidhani treni imenichafua tumbo, akanipa ndimu. Manyoni wenzangu walikula pilau wakacheza. Mimi nilikaa nalia, nikaapa kwamba safari hii nasema.

Baba, yule ng'ombe wa Mzee Salvatory wa Mutuka, aliyewekeshwa kwako kwa heshima ya urafiki wenu, hakuuawa na Konstantini. Mimi ndiye niliyemfungulia akala machipukizi ya mtama shambani, tulipokwisha kuvuna. Ulikwisha kutukataza, kwamba yana sumu kwa ng'ombe, nami nilijua. Nilikuwa nacheza rede na wenzangu. Niliporudi alikuwa amevimba, anatoa povu, na kabla jua halijazama akafa. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa darasa la saba. Konstantini akaniambia: "Wewe nyamaza, uende shule." Akaja kwako akasema ni yeye.

Ukamlipa rafiki yako mtamba wako bora, ukabaki na aibu, na mwanao ukamfukuza. Mimi nikaenda shule, nikawa mwalimu, ukanisifu mbele za watu. Kila uliponisifu nilitamani ardhi inimeze. Nisamehe, Baba. Adhabu yoyote utakayotoa ni haki yangu.

Treni iliporudi Bahi jioni tulimkuta Konstantini stesheni na mfuko wa mchele wa kumpelekea Mama. Nikamwambia nitakueleza yote. Alinikataza, tukabishana hadi honi ya kwanza. Nikamwambia basi nitakueleza hata asipokuja, ila nikamwomba asiniache peke yangu siku hiyo. Hapo akapanda.

Barua hii nimempa katekista Damasi akukabidhi mkononi. Sisi wawili tupo hapo nje, barabarani, ng'ambo ya uzio wako. Konstantini hatavuka bila neno lako, nami sivuki bila yeye.

Msalimie Mama kabla hajaanza kulia, na majirani wote wanaotuchungulia.

Ukikubali kumwita, Baba, mwite kwa sauti. Sikio lake la kushoto limeharibiwa na kelele za mashine.

Ni mimi mwanao,
Fabiola, Mama Careen