Waya Alizofunga Hamza

Tororo, Uganda
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima, kile kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimepona. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, bado anapanda shamba la juu kwa miguu, au siku hizi anasikia maneno ya watu? Kila nikikaa kula nawakumbuka, maana huku ni ugali wa wimbi na viazi vitamu, nazi tunaisikia kwa jina tu.

Barua yako nimeipata. Umesema mjomba wake Hamza amekuja kuposa kwa niaba yake, anamtaka mdogo wangu Zaina, na kwa kuwa Hamza nafanya naye kazi gereji moja, unataka kujua ni mtu wa namna gani. Mama, nitakuambia. Kwa nje ni kijana safi: nywele zina njia, shati lina pasi, Kiingereza cha kuokoteza. Ndani hamna kitu.

Sikiliza yaliyotokea. Mwezi uliopita lililetwa lori kuukuu linalobeba samaki wakavu kutoka Majanji, kule ziwani. Sakafu ya mbele, pale dereva anapokanyaga, ilikuwa imeliwa na kutu, ikabidi ilehemiwe. Sasa, kabla ya kulehemu ni lazima waya zitolewe zisiungue. Mwenye gereji akatugawia kazi: mimi waya za mbele kwenye injini, Hamza za ndani, nyuma ya dashibodi. Waya hizo huungana kwa viungio vidogo vya shaba vilivyovikwa mpira. Ukitaka kukitoa, unakishika kiungio chenyewe, unakivuta taratibu, waya huivuti. Nami kila nilipotenganisha nilifunga uzi wa rangi moja pande zote mbili, nisije nikakosea wakati wa kurudisha.

Hamza akanicheka. "Wewe umekuja kutengeneza gari au kudarizi?"

Akaingia ndani. Nikamsikia akizinyofoa zile waya kama mtu anayenyonyoa kuku, huku anapiga mluzi.

Sakafu ilipokwisha, tukaanza kurudisha. Mimi nilivisugua viungio vyangu kwa msasa, nikavirudisha kimoja kimoja. Nilikuwa bado nimeinama kwenye injini, yeye keshatoka, ananawa mikono.

"Umevirudisha vyote?" nikamwuliza.

"Vyote. Mimi sina mikono ya kizee kama wewe."

Na kweli taa ziliwaka, honi ikalia. Dereva wa lori, Opio, mtu mpole wa Petta, mlokole, akatushukuru sana, akaondoka zake kwenda Majanji.

Wakati wa kurudi, lori limejaa samaki na wanawake wachuuzi wamekaa juu ya magunia, alikuwa amekwisha kupita Busia ndipo moto ulipozuka chini ya dashibodi. Opio akasimama, akawapigia kelele waruke. Wakaruka, isipokuwa mmoja aliyekuwa mjamzito, hakuweza. Basi Opio akatia mkono wake palepale kwenye moto, akazishika zile waya, akazivuta mpaka zikakatika. Yule mama alishushwa salama. Kiganja cha Opio kiliungua hata nyama ikaonekana.

Lori likavutwa hadi gereji, Opio akaja nalo, mkono umezungushiwa jani la mgomba. Hamza, kabla hajaulizwa na mtu, akasema, "Huyu anavuta sigara ndani ya gari. Mlitegemea nini?"

Opio akamtazama. "Mimi navuta sigara lini, ndugu yangu? Tangu naokoka, mimi hapana gusa. Moshi natoka kwa waya yako."

Mwenye gereji akaniambia nifungue dashibodi. Nikafungua, wote wakiangalia. Hapakuwa na kiungio hata kimoja. Hamza alivikata vyote, akasokota waya tupu kwa waya tupu, juu akafunga vitambaa vya gunia! Gunia, Mama, badala ya mpira! Lori lilipotikisika vitambaa vikachakaa, waya zikagusana, moto ukashika. Na unajua alisemaje? Alininyooshea kidole mimi, anayetaka niwe shemeji yake. "Huyu ndiye aliyefunga."

Kila mtu alikuwa ameona nani aliingia ndani. Alipoona hakuna anayemsadiki, akaanza kulia. Usidhani alimwonea Opio huruma. Alililia kazi yake, kamasi zikichuruzika kwenye shati lile la pasi. Nimeona wanaume wengi waoga, lakini mwoga mwenye kiburi sikuwa nimemwona.

Amefukuzwa. Jana amepanda treni kuja huko, na najua atawaambia ameacha kazi kwa hiari yake ili aje kuoa. Akija nyumbani mpeni chai, ni mgeni. Zaidi ya chai, asipate kitu.

Leo asubuhi nimekwenda Petta kumwona Opio. Vidole vyake havikunjiki tena, na daktari amemwambia usukani ausahau. Nilimkuta mkewe akimmegea tonge. Opio akaniuliza, "Yule kijana, yeye nasema nini?" Nikamwambia Hamza ameondoka jana. Hakwenda kumjulia hali hata mara moja. Opio akasema, "Basi. Mimi nasamehe yeye."

Mimi sijamsamehe.

Msomee Zaina barua hii yote, usimfiche neno. Akisikia na bado akamtaka, ni maisha yake, wala sitamgombeza. Lakini harusini msinitegemee.

Nisalimie Baba, shangazi aliyenilea ulipokuwa mgonjwa, na kaka yako mwadhini wa pale msikitini. Mwambie Zaina kitambaa alichoniagiza nimekipata, nitakituma hata kama atanikasirikia. Mungu awape afya na usingizi mzuri.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Rajabu