Vikanyagio vya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amekata shauri. Jumamosi, safari ya kumwona mjukuu, yeye anapanda basi. Mimi niende na pikipiki yangu — hii kubwa ya masafa marefu, yenye masanduku ubavuni. Eti vikanyagio vya abiria viko juu mno. Safari iliyopita magoti yalimfika masikioni, akashuka anatembea kama kaa. Nikamwambia abiria wangu wengine hawajawahi kulalamika. "Abiria gani, magunia ya viazi?"
Babu kufika bila bibi! Binti yetu atanitazamaje?

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua vikanyagio vingine, vinavyoshuka chini zaidi. Si vya kiwandani, ila muuza vipuri kaapa vinaingia. Vimekuja na karatasi ya maelekezo. Nimeweka kikombe cha chai juu yake. Mtu aliyewahi kufungua injini ya treni kwa kijiko haelekezwi. Na treni ile ilifika mapema.

Jumatano, 6 Machi
Bolti ya kulia ilikataa katakata. Nilivuta spana, nikaguna, mpaka jirani yangu, fundi wa kuchomelea, akatoka kuuliza kama naumwa uchungu wa uzazi. Tukaimwagia mafuta, tukapiga soga, ikalegea. Nikamsimulia nilivyong'oa bolti ya daraja kwa meno. Akauliza daraja bado lipo? Nikamwambia unafikiri kwa nini walijenga jingine.
Vimeingia. Vinang'aa.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kaja kukagua, kanga kiunoni kama mkaguzi wa serikali. Akakisukuma kimoja kwa mguu. Kikakunjika kuelekea mbele. Jirani akachungulia: hivi vinatakiwa kukunjika kwenda nyuma, mzee, vikigonga jiwe vijikunje. Hivi ulivyofunga vitamrusha mama.
Kumbe cha kulia nimekifunga kushoto.
Nikasema nilifanya makusudi, nampima mke wangu akili. "Na mimi nimeshaipima yako," akajibu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Siku nyingi sijausikia mcheko ule. Nimevibadilisha huku napiga mluzi.
Ila tiketi ya basi bado hajasema hanunui.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekaa kiti cha nyuma mwenyewe, pikipiki imeegeshwa uani. Raha kama sofa! Nikamwita ashuhudie.
"Injini umezima," akasema. "Kisigino chako cha kulia kiko wapi?"
Nikatazama. Karibu na bomba la moshi. Hakigusi — karibu tu.
"Likipata moto je?"
Hapo nikakubali sijui. Mimi! Lazima mtu akae nyuma pikipiki ikitembea ndipo tujue. Nani aendeshe? Jirani anaogopa hata baiskeli.
Mke wangu akasema kesho asubuhi ataendesha yeye, tuzunguke mtaa. Kabla sijamwoa alikuwa akisambaza mikate madukani kwa pikipiki ya kaka yake. Mimi watu nawaambia nilimfundisha.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nimekaa kwenye kreti ya soda, kituo cha mafuta, barabara kuu. Alisema mtaa tu. Mtaa tumeuacha zamani. Basi lenyewe tumelipita, dereva akatupigia honi, mke wangu akampungia mkono kama wanajuana.
Kisigino salama. Hakuna joto wala nini. Magoti yametulia. Niseme ukweli, aliyefunga vikanyagio hivi ana mikono ya dhahabu.
Nimefungua sanduku la ubavuni kutafuta maji — nguo zake za safari zimo, zimekunjwa vizuri, na zawadi ya mtoto juu yake. Alipanga saa ngapi?
Mkwe wangu nilimwapia hakuna binadamu mwingine anayeweza kuituliza pikipiki hii. Atakuwa amesimama getini. Nitamwambia mkono umeteguka. Au nilikuwa nalinda msafara kwa nyuma. Hiyo nzuri zaidi.
Nimemuuliza nani anaendesha kutoka hapa. Anafuta vumbi kwenye helmeti yangu, taratibu, kama anafuta uso wa mtoto.
Ananiita. "Mzee, panda." Ameshakaa tayari — mbele.