Shubiri Mbili za Chuma

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Ufa umefika darini. Asubuhi nimeingiza kidole — kimezama chote! Ulianza kidogo tu kwenye kona ya mlango wa mbele, kama unywele. Sasa mlango haufungiki mpaka niusukume kwa bega.

Nimemwita Machage, fundi wa Kemambo. Kanipa shikamoo, kagonga juu ya mlango kwa nyundo, kategea sikio. Kasema lile gogo linalobeba matofali limeliwa na mchwa, kilichobaki ni rangi. Marehemu mume wangu aliliweka kwa mikono yake. Alisema, Abonyo, hili litatuzika wote. Limemzika yeye, sasa linanisubiri mimi.

Machage anataka kuweka lenta ya chuma. Mchwa hawali chuma. Nikamwambia polepole, kwetu Wajaluo fundi hagusi mlango wa mjane kabla mwanaume wa ukoo hajagonga wa kwanza. Machage ni Mkurya, lakini kaelewa upesi. Na wao wana yao.

Mungu anisamehe, nimefurahi ukuta kupasuka. Mwanangu Otiende atakuja kugonga.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempigia. Migori ni karibu kuliko Musoma, lakini tangu tumzike baba yake mwanangu hajakanyaga hapa. Kazi nyingi, mageti ya watu, kuchomelea mchana kutwa. Kasema: "Mama, hiyo nyumba iache tu. Kuja tukae huku, Vivian ashakutengea room." Mkwe wangu sina neno naye. Lakini nikakae chumbani kwa watu nikisikiliza TV kupitia ukuta? Hapana.

Nikamweleza habari ya mlango. Kasema, si baba mdogo Odera yuko hapo? Agonge yeye. Chuma atakikata mwenyewe na kukituma, mimi nimpe kipimo tu.

Sawa. Sawa! Nimekata simu nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Shemeji Odera amekuja. Kagonga mara moja, kaomba chai, kaomba sukari zaidi, kaondoka. Basi, mila imetimia.

Machage katoboa ukuta juu ya mlango, kapitisha mbao nene, kaziegemeza kwa mirunda ndani na nje. Ukuta wote wa juu sasa umekaa kwenye miti. Mlango wa mbele haupitiki. Naingia na kutoka kwa jikoni kama mwizi wa sukari.

Alinieleza kipimo vizuri. Upana wa mlango, kisha ongeza shubiri moja kulia na moja kushoto. Hapo kwenye shubiri ndipo chuma kinapolalia ukuta. Bila hizo kinaning'inia hewani. Akaniambia nirudie. Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Otiende kapiga jioni. Nikampa upana wa mlango. Kauliza, "Hicho ndicho kipimo cha fundi, mama?" Nikasema ndiyo.

Shubiri sikuzitaja.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani Scholastica kaniuliza, siku hizi unaishi na nani? Nikamjibu, na mirunda. Kacheka sana. Mimi pia nimecheka, mpaka nilipofika nyumbani.

Bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono haujui kusonga mdogo. Kiporo nampa mbwa, naye siku hizi ananiangalia kwa huruma.

Jumanne, 15 Oktoba

Chuma kimefika! Agness, yule anayeuza mitumba na kuvuka mpaka wa Sirari kila wiki, kakileta kwa bodaboda. Jamani, kazi safi. Kimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kingo zimepigwa tupa zisinikate. Na upande wa ndani, kwa chaki: MAMA.

Nilikaa nacho mapajani kabla fundi hajaja. Kizito. Machozi yalinitoka, nasema ukweli.

Machage kakinyanyua mpaka juu. Kikapita katikati ya kuta mbili, hakikugusa huku wala huku. Kakishusha taratibu. Kaniangalia. "Mama, si nilikuambia?" Nikajibu, labda kijana kakosea. Nimemsingizia mwanangu! Mtoto aliyepiga tupa kingo zile.

Nikampigia. Chuma kifupi, njoo upime mwenyewe. Kapumua. Kasema Jumamosi.

Jumamosi!

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua mchana, na upepo. Mchanga unadondoka juu ya mlango, punje punje. Machage kaja na koti la mvua, kasema mirunda ya nje inazama kwenye tope. Kama kesho chuma hakijapatikana anaubomoa ukuta wa mbele, hataki kunizika.

Nimemkaangia mwanangu samaki. Nimetandika kitanda chake cha zamani. Nimefagia hata nyuma ya choo, kama anakuja askofu. Kisha nikakaa nikatazama mirunda. Nyumba ya marehemu nimeitundika kwenye miti ili mtu mmoja aje ale samaki. Nilishindwa nini kusema tu, njoo, nimekukumbuka? Sijui. Ulimi unakuwa mzito kuliko chuma.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amekuja. Amekonda. Amesimama kwenye kaburi la baba yake, kofia mkononi, muda mrefu. Kaingia kwa jikoni akiinamisha kichwa vile vile kama marehemu. Kala samaki wawili. Katoka na tepu.

Kapima mlango. Kapima chuma. Sawasawa, hakuna tofauti hata ya ukucha. Nilikuwa namwona kwa dirisha la jikoni. Machage kafika wakati huo. Nikasikia yote.

"Nilimwambia mama aongeze shubiri huku na shubiri huku. Akarudia mwenyewe."

"Alirudia?"

"Vizuri kabisa."

Tepu ikajirudisha, chap. Nikageuza ugali usiohitaji kugeuzwa.

Kaja mpaka mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. Kaweka kiganja chake juu ya meza yangu, kakipanua, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Kiganja kikubwa. Cha baba yake.

"Shubiri ya nani, mama? Yako ama yangu?"

Mvua ikaanza na Machage akamwita, mrunda mmoja umeteleza. Wako nje wote wawili, wameubeba ukuta kwa mabega. Nasikia matofali yanasaga. Nimekaa na kalamu na mkono wangu mdogo huu, nimeupanua juu ya karatasi, hautoshi.

Ananiita tena. "Mama! Yako ama yangu?"

Nasimama. Yako, mwanangu, ni ya baba yako; ndiyo itakayofika ukutani.