Kanga Iliyokuwa Chini ya Kichwa Chako

Mpendwa dada Zuhura,

Shikamoo. Najua ukiona barua ya karatasi utasema nimeanza uzungu kabla hata sijapanda ndege. Nimeshindwa kukupigia simu. Kwenye simu ungecheka, nami ningepata pa kujificha.

Vyuo viwili vimenikubali. Cha hapa nchini kimeangalia alama zangu, basi. Ningeanza na udaktari, mambo ya ubongo yangefuata miaka ya mbele huko. Cha nje kinafundisha sayansi ya ubongo tangu siku ya kwanza, nacho kilitaka insha: kwa nini umechagua somo hili? Nikaandika juu yako. Niliandika kwamba ulipoanguka kifafa sokoni Mkuyuni watu wote walikimbia, mimi nikabaki nimekushika kichwa mpaka ulipozinduka. Wamenijibu kuwa insha ile imewagusa sana.

Dada, mimi nilikimbia.

Tulikuwa tumeshuka sokoni na ndizi, wewe mbele, unanitania kwamba natembea kama bibi harusi. Ukaanguka, povu likakutoka. Si unajua tulivyoambiwa tangu utotoni, kwamba povu lile likikugusa nawe umeambukizwa? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikavuka barabara, nikajichanganya na wenzangu wa shule. Mmoja akaniuliza, "Kwani yule si dada yako?" Nikamjibu, "Simjui, twende zetu." Neno hilo linaniuma kuliko hata kukimbia.

Aliyekushika ni Bi Mwanaidi, muuza magimbi. Alikulaza ubavu, akavua kanga ya mabegani, akaikunja na kukuwekea chini ya kichwa. Ulipoanza kufumbua macho akaniona bado nachungulia ng'ambo ya barabara, akaniita kwa mkono, akaniachia nafasi yake, akarudi kwa wateja wake. Ndiyo maana ukanikuta mimi.

"Ulikuwepo muda wote?" uliniuliza njiani. Wewe ukianguka hukumbuki chochote, unajua tu tunachokuambia. Nikasema ndiyo. Ukauliza kanga imetoka wapi. Nikasema nimekutafutia mimi.

Tangu siku ile mnofu wa kwanza kwenye mchuzi ni wangu. Baba alipokutoa shule kwa ajili ya ugonjwa, hukulia. Ulisema, "Asome huyu, huyu haogopi." Nami nikala, nikasoma, nikanyamaza. Bi Mwanaidi unamwita mchoyo mpaka leo kwa sababu hapunguzi bei, naye hajawahi kukwambia neno.

Ijumaa natakiwa kujibu. Nitawaandikia wale wa nje jinsi ilivyokuwa. Wakinifuta, nitasoma udaktari hapahapa. Sikufichi, chuo kile nakitaka mno. Ila sikutaka wageni waujue ukweli huu kabla yako.

Sikuombi unisamehe haraka. Kasirika kwanza, ni haki yako.

Halafu siku ya soko, ichukue ile kanga unayojitanda kila asubuhi, umpelekee mwenyewe. Yupo palepale kwenye magimbi yake. Kama atauliza habari zangu, mwambie nakuja kumwamkia, na safari hii sitasubiri kuitwa kwa mkono.

Ubaki salama, dada.

Mdogo wako,
niliyekuwa ng'ambo ya barabara